Maswali ya Jioni na Picha za Ubongo

Nimeuona ubongo wa mke wangu. Wiki kadhaa zimepita na bado sijapoa. Katika miaka yetu yote ya ndoa nimemwona akicheka, akilia, akipalilia kibanja chetu cha migomba huko Izigo huku amebeba mtoto mgongoni, lakini ubongo wake sikutarajia kuuona kabla ya siku ya ufufuko, na hata siku hiyo nisingeuangalia kwanza. Nimeuona kwenye kioo cha kompyuta huko Bukoba, wa kijivu, umekunjamana, na mwenyewe ameketi ubavuni mwangu akinisukuma kwa kiwiko.

"Mwalimu, sogea na mimi nione. Ni wangu huo."

Mwalimu ndivyo anavyoniita. Nilikuwa katekista wa kigango chetu mpaka nilipostaafu, na huku kwetu katekista huitwa mwalimu na kila mtu, mkewe akiwemo.

Ugonjwa wake unaitwa multiple sclerosis. Nyumbani tunataja herufi mbili tu, MS. Ulianza akiwa na nguvu zake: siku moja alikuwa akichambua maharage, jicho moja likaingia ukungu. Likapona, tukamshukuru Mungu tukasahau. Baadaye miguu ikafa ganzi. Tulihangaika kwa wengi kabla ya kufika Mwanza, ambako aliingizwa kwenye mashine ya MRI kwa mara ya kwanza, na daktari wa kule akatueleza kwamba askari wa mwili wake, wale waliowekwa kumlinda, wamekosea adui. Wanalitafuna ganda linalofunika nyuzi za fahamu, kama panya anayetafuna plastiki ya waya wa umeme. Waya bado upo, lakini ujumbe unachelewa au unapotea njiani. Tangu siku hiyo tumeishi na dawa, na fimbo niliyomchongea kwa mti wa mbuni. Miguu tuliizoea. Kilichotushinda kuzoea ni kile kilichoanza baadaye, kichwani.

Nilipostaafu, yeye ndiye aliyechukua watoto wa Komunyo ya kwanza, kila Jumamosi, katika kanisa letu dogo la bati jekundu. Hana cheti. Ana katekisimu nzima kichwani, sauti isiyojua kukemea, na mfuko wa gauni usiokosa karanga. Mwaka jana mambo yakaanza kuharibika. Watoto wawili wakisema kwa pamoja, alinyamaza akatazama ukutani kama anayesubiri gari. Alimwita mtoto kwa jina la mama yake mtoto. Alipanga zoezi la maandamano ya kuingia kanisani, akasahau waanzie upande gani, watoto wakagongana mlangoni wakicheka. Nyumbani nilimkuta ameshika kisu na ndizi iliyomenywa nusu, anajaribu kukumbuka nilichokuwa nimemwuliza.

Watu wakasema yao. Wengine waliona ni majivuno, maana ukimwamkia anachelewa kuitikia, na kwetu salamu inayocheleweshwa ni sawa na tusi. Mmoja alisema amerogwa, akamtaja na mrogaji, mzee ambaye tulikuwa tumemzika kabla ya ugonjwa kuanza.

Kisha akaja mwenyekiti wa kigango. Ni mtu mwema. Nilimfundisha mwenyewe alipokuwa mtoto, na hadi leo mbele yangu hukaa kwenye ncha ya kiti.

"Nyegera waitu," mke wangu akamkaribisha, akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Ni buni zilizochemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa. Mgeni hakai kwetu bila kupewa. Mwenyekiti akachukua, akashukuru, akaanza habari za mvua. Kabla hajazimaliza, mke wangu akaingia tena na kikapu kilekile. "Nyegera waitu, tafuna kahawa." Mwenyekiti akachukua tena. Akahamia kwenye mnyauko wa migomba. Kikapu kikaja mara ya tatu. Safari hii alichukua bila kunitazama, na jinsi alivyojitahidi kutonitazama kuliniuma kuliko maneno aliyokuwa ameyabeba.

"Mama," akasema, "sikuja kwa ubaya."

"Mtu akianza hivyo, ubaya umeshaketi naye kwenye kiti."

"Halmashauri ya kigango inaona upumzike. Umefanya kazi kubwa mno. Tutakuombea hata Misa."

"Ya wazima au ya marehemu?"

Tulicheka wote, mwenyekiti akakohoa kahawa. Lakini mke wangu alipomaliza kucheka aliilaza fimbo yake sakafuni polepole. "Mwanangu, miguu nilimpa Mungu, hukunisikia nikilalamika. Watoto mkiniondolea, Jumamosi nitaamka nifanye nini?"

Mwenyekiti akaiokota fimbo, akamrudishia. Alijua, kama sisi, kwamba tulikuwa tunangoja kipimo kipya Mwanza, na kwamba madaktari bingwa walikuwa wanakuja Bukoba mwezi huohuo. Tukakubaliana hivi: daktari akisema anaweza, ataendelea na watoto. Akisema hawezi, ataacha bila maneno.

Nikaingia kazini. Nilimfundisha mke wangu huyu, akiwa bado binti, sala za ndoa, nikawafundisha watoto wa watoto wa wanafunzi wangu. Nani angeipima akili ya mtu kunishinda? Kila jioni baada ya Rozari nilivuta kiti na kuanza. Sakramenti. Amri za Kanisa. Vipaji vya Roho Mtakatifu kwa mpangilio wake, halafu nikamtaka avitaje kinyumenyume. Alijibu yote! Alijibu kabla sijafunga mdomo. Jirani yetu aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe ng'ambo ya ua akaacha panga akawa anasikiliza.

"Mwalimu, mbona unaniuliza ya watoto?" mke wangu akasema. "Niulize ya Kipaimara."

Nikamwuliza ya Kipaimara. Akajibu. Nilipiga goti palepale sebuleni nikamshukuru Mungu kwa sauti, naye akaniambia ninyanyuke kabla magoti yangu hayajawa kama yake. Tulikuwa na furaha kama watu waliokwisha kushinda kesi. Akili ni nzima, tuliambiana. Hayo mengine ni uchovu.

Tukavuka ziwa kwenda Mwanza, akalazwa kwenye mashine. Alipotoka nilimwuliza kama aliogopa, kwa kuwa hata nje ya mlango nilisikia ile mashine ikigonga kama mafundi wanaopiga bati.

"Nilisali Rozari," akasema. "Mimi nasema nusu, yenyewe inaitikia. Ila inaitikia kwa haraka sana, haina uchaji."

Baada ya hapo tukaenda Bukoba. Tulifikia Kashai kwa mdogo wake, mwenye duka la unga na sabuni na chumba kimoja nyuma ya duka. Mdogo mtu alituandalia ndizi na samaki, akatutania mpaka tukasahau kuogopa. "Dada, picha ikitoka tutaitundika karibu na Moyo Mtakatifu. Wateja wajue ukoo wetu una akili, wameipiga picha." Asubuhi mke wangu alivaa kitenge cha sikukuu. Mimi nilivaa koti nililokuwa nikivaa nilipoongoza ibada.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye kicheko cha karibu. Alimpima miguu na macho, kisha akamwuliza habari za kumbukumbu. Sikungoja.

"Daktari, hilo nimelipima mwenyewe. Nipe ruhusa nikuonyeshe."

Akaruhusu. Nikasimama pale ofisini, nikamwuliza mke wangu maswali, naye akajibu kama kengele, kitenge chake kikimeta. Muuguzi mlangoni akapiga makofi. Daktari naye alipiga makofi, kisha akaniuliza kwa heshima sana:

"Baba, na wewe ukiamshwa usingizini ukaambiwa usali Baba Yetu, unaweza kukosea?"

"Haiwezekani."

"Ulijifunza lini?"

"Kabla sijaota meno ya pili."

"Na Mama haya alijifunza lini?"

Nikakaa. Nilikuwa nimeanza kuelewa. Kila jioni nilimwuliza mambo aliyokuwa nayo tangu utoto. Jambo jipya sikumwuliza hata moja.

Daktari akamwekea mbele karatasi yenye alama ngeni, vijiti na duara na pembe, kila alama ikiwa na namba yake juu. Kazi ilikuwa kuitazama alama na kutaja namba, moja baada ya nyingine, upesi. Hakukuwa na jambo gumu humo. Mtoto wa shule angeliweza. Mke wangu alianza vizuri, akasita, akarudi juu kutafuta, akasita tena. Jasho likamtoka puani. Muda ulipokwisha alikuwa hajafika mbali, na akaniangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona, macho ya mwanafunzi wangu aliyekosa.

Kisha daktari akamsomea maneno ya kawaida, jembe, mwavuli, mbuzi, daraja na mengine, amrudishie. Alirudisha machache. Daktari akayasoma tena yaleyale, akarudisha mengi zaidi. Akayasoma mara ya tatu, akarudisha karibu yote! Daktari akanyanyua uso.

"Umeona, Mama?"

"Nimeona nini? Nimefeli."

"Hujafeli. Yanaingia. Yanataka kurudiwa na kupewa muda."

Akamwambia muuguzi afungue mlango. Nje kulikuwa na wagonjwa wengi na mazungumzo. Akasoma maneno mengine palepale penye kelele. Safari hii hata kurudia hakukusaidia. Daktari akafunga mlango, akasoma kwa utulivu, na maneno yakaanza kuingia tena. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti. Nilikuwa nauona ugonjwa wa mke wangu ukijitokeza wazi kwa mara ya kwanza, kwa mlango tu kufunguliwa na kufungwa. Watoto wawili kusema pamoja! Kikapu cha kahawa na habari za mvua! Kila kitu kilipata maelezo pale, nikawa nataka kusimama na kukaa kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo alipozifungua picha. Kushoto ile ya Mwanza ya mwanzo, kulia mpya. Akatuonyesha madoa meupe, kama matone ya nta ya mshumaa juu ya kitambaa, yakizunguka vyumba viwili vyeusi vya katikati ambavyo, alisema, vimejaa maji kwa kila mtu. Akahesabu madoa ya kushoto, akahesabu ya kulia.

"Hakuna jipya," akasema. "Dawa inawazuia wale askari."

"Mungu atukuzwe!" nikasema kwa sauti ya kanisani.

"Atukuzwe," akaitikia daktari, "lakini subiri, Baba." Akaweka kalamu kwenye vile vyumba vyeusi. Hata mimi niliona: vya picha mpya vilikuwa vipana zaidi. Ubongo wenyewe umepungua kidogo pembezoni mwake. Akatuonyesha na utepe unaounganisha upande wa kulia na wa kushoto, jinsi ulivyokuwa mnene zamani na ulivyo mwembamba sasa. Habari zikitoka upande mmoja kwenda mwingine zinapita pembamba, kwa hiyo zinachelewa. Alituambia pia kwamba picha haiwezi kusema kila kitu. Wapo wenye madoa mengi wanaofikiri vizuri, na wapo wenye machache wanaohangaika. Ndiyo maana alimpima kwa maneno kabla ya kufungua kompyuta.

Mke wangu alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Katekisimu yangu iko wapi hapo?"

"Haionekani, Mama. Maneno hayatoki kwenye picha."

"Majivuno je?"

"Hayo pia hayapo."

"Na uchawi?"

"Nimetafuta sijauona."

Mke wangu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. "Kumbe kitu kipo! Kipo, kinaonekana! Mwalimu, tazama, si uvivu!" Akaomba nimpigie picha ile picha kwa simu yangu. Daktari akakubali, akatusogezea hata kioo kisiakisi mwanga wa dirishani.

Siku nzima ile hakumwacha mtu. Kijana wa bodaboda aliyemrudisha Kashai alionyeshwa ubongo kabla hajalipwa. Mdogo wake aliuona mara nyingi, na kila mara ilibidi ashangae upya. "Dada, una makunyanzi huko ndani kuliko usoni!" Mwanamke wa Kiislamu aliyekuja kununua sabuni aliitazama simu muda mrefu, akasema "Subhanallah," akaweka mkono kwenye bega la mke wangu na kumwombea dua palepale kati ya viroba vya unga. Nikasema amina. Sikumbuki siku nyingine ya hospitali ambayo tulirudi tukiwa tumechangamka namna ile.

Daktari alikuwa ametupa barua fupi na ushauri wa mdomo. Swali la watoto alilijibu hivi: kufundisha darasa zima lenye kelele, hapana. Kufundisha mahali tulivu, mtoto mmoja kwa wakati, kwa kurudia, ndiyo, na tena kutamsaidia, kwa sababu akili yake inahitaji kufanyishwa kazi bila kusukumwa. Ndiyo na hapana. Hilo halikuwemo katika makubaliano yetu na mwenyekiti.

Jumapili baada ya ibada halmashauri ilikaa. Mke wangu akapitisha simu, wakaitazama mmoja mmoja kwa uso wa mazishi. Mwenyekiti ndiye aliyesema lililokuwa mioyoni mwao.

"Mama, tunakuonea huruma. Lakini kama picha inaonyesha ubongo umepungua, si ndiyo sababu kubwa zaidi ya kupumzika?"

Picha tuliyoibeba kama medali ilikuwa imegeuka shahidi wa upande wa pili. Nikafungua mdomo, mke wangu akanibana goti.

"Swali zuri," akasema, baada ya ukimya wake wa kawaida. Safari hii waliungoja ukimya ule, kwa kuwa walikuwa wametoka kuuona unakotokea. "Maandamano siyataki tena. Nyimbo mpeni mama mwingine. Kelele mpeni yeyote anayezipenda. Mimi nipeni sakristia, mlango ufungwe, watoto waingie mmoja mmoja na swali lake. Jumamosi mje mwone. Msipopenda, nitawapa ufunguo."

Jumamosi ile niliamka mapema kama mtu wa kusafiri. Mama mmoja kijana alikaa na watoto kanisani wakiimba. Mke wangu alikaa sakristia, chumba kidogo cha pembeni, kwenye kiti chenye mgongo, karanga mfukoni. Mwenyekiti na mimi tulikaa kwenye benchi karibu na kabati la kanzu, tumekatazwa kusema.

Baada ya wawili watatu kupita, akaingia mtoto wa kike mwembamba, mmoja wa wale ambao mwaka mzima hawakuwahi kunyoosha mkono. Mke wangu akamwita kwa jina. Halikuwa jina lake. Nilifumba macho.

"Silo hilo, Bibi," mtoto akasema, akataja lake.

Mke wangu akalisema. Mtoto akamngojea. "Sema tena, Bibi." Akalisema tena. "Tena, mara ya tatu, ndiyo linaingia." Alikuwa ameelezwa na wenzake waliomtangulia, nao walikuwa wameelezwa na Bibi mwenyewe. Wakalisema pamoja mara ya tatu, kisha Bibi akasema, "Haya, sasa zamu yako. Sakramenti ya Ekaristi ni nini?" Mtoto akaanza, akakwama. Hakuna aliyemcheka, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kucheka isipokuwa wazee wawili waliokatazwa. Wakarudia polepole, tena, na tena. Mara ya tatu mtoto alijibu peke yake hadi mwisho, akashtuka mwenyewe, akapewa karanga, na alipotoka Bibi akamuaga kwa jina lake sahihi.

Nilisahau katazo. Nilipiga makofi. Mwenyekiti akanikanyaga mguu, lakini yeye ndiye aliyekuwa akipangusa macho kwa mkono wa koti.

Walioingia baadaye hawakwenda vizuri wote. Kuna mtoto alimchosha, na mwingine alirudishwa mara mbili kwa kuwa Bibi alisahau kwamba alishapita. Mtoto huyo hakulalamika, alipata karanga mara mbili. Lakini ufunguo wa sakristia haukuombwa. Mwenyekiti alitusindikiza hadi nyumbani, na alipoketi, safari hii akiegemea mgongo wa kiti, alisema:

"Mama, leo kahawa iletwe mara tatu. Siku ile sikutafuna ya kutosha."

Mke wangu alimtazama, akafikiri, akaelewa. Akamrushia buni moja kifuani. "Wewe mtoto! Kumbe ulihesabu!"

Maswali ya jioni yanaendelea, ila katekisimu nimeifunga. Tunazima redio, tunafunga mlango, na ninamfundisha majina ya watoto wa mwaka huu, wachache kwa jioni moja. Yapo yanayoingia, yapo yanayotoka kabla ya asubuhi. Simkaripii, naye haoni aibu kuniuliza tena. Daktari hakutuahidi kwamba utepe ule utanenepa, nasi hatukumwomba ahadi.

Jana nilikuwa kibanjani nikikata majani makavu ya migomba, nikamsikia akiniita kwa nguvu kutoka jikoni. Nilikimbia nikidhani ameanguka. Alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, anang'aa.

"Yule mwembamba!" akasema, akalitaja jina lake, sawasawa, bila kusita. "Limekuja lenyewe, Mwalimu. Nilikuwa namenya ndizi tu. Haya ingia, funga mlango, nipe lingine."